Taifa lipi la kuanzia? Mwongozo kwa mchezaji mpya wa michezo ya mikakati ya historia

MKULIMA wa Boito anayepanda miche mipya ya majani chai anajua kwamba hatachuma chochote cha maana kabla ya miaka mitatu hivi kupita. Katika muda huo atapalilia, atapogoa na kusubiri, huku akiishi kwa kutegemea mahindi, ng'ombe au kipande kingine cha shamba ambacho tayari kinamlipa. Asiyekuwa na tegemeo hilo huona miaka mitatu kuwa mirefu mno, na wengine hung'oa miche kabla haijampa hata kilo moja.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomkabili kijana wa eneo hilo la Konoin, Kaunti ya Bomet, anayefungua kompyuta jioni, baada ya majani kupimwa kituoni, na kukutana kwa mara ya kwanza na ramani ya dunia ya mwaka 1444. Ramani hiyo ina mamia ya nchi. Mchezo unamtaka achague moja tu, kisha aitawale kwa takriban karne nne. Wengi huamua kwa haraka. Huchagua nchi wanayoipenda, au ile wanayoisikia kila Jumamosi katika matangazo ya soka, na baada ya saa mbili huwa wamefilisika, wamezingirwa na wameufunga mchezo wakidai kwamba haueleweki. Mara nyingi mchezo unaeleweka. Kilichokosewa ni nchi.

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ya mikakati mikuu ya historia, ambapo mchezaji hamwongozi askari mmoja mmoja bali hushika serikali nzima: hazina, jeshi, ndoa za kifalme, biashara, dini na uhusiano na majirani. Iliyo mashuhuri zaidi hutolewa na kampuni ya Paradox Interactive yenye makao yake jijini Stockholm, Uswidi. Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013, huanza Novemba 11, 1444, siku moja baada ya vita vya Varna, na kukoma mwaka 1821. Hearts of Iron IV wa mwaka 2016 huanza Januari 1936 na kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Crusader Kings III wa mwaka 2020 humkabidhi mchezaji ukoo wa watawala wa zama za kati badala ya nchi, nao Victoria 3 wa mwaka 2022 hushughulikia uchumi na siasa za dunia kuanzia 1836 hadi 1936. Novemba 2025 ulitolewa Europa Universalis V, ambao hurudi nyuma hadi mwaka 1337.

Mengi ya maelezo haya yanahusu Europa Universalis IV, kwa sababu ndio unaokubali kompyuta za zamani kuliko ndugu zake wadogo, na kwa sababu ndani yake mna pwani ya Waswahili.

Muda wa kukosea

Katika drafti, wachezaji wawili huanza wakiwa sawa. Katika bao vile vile, kila mmoja ana kete 32, na anayeshinda ameshinda kwa akili yake. Michezo ya mikakati mikuu haina usawa huo. Mmoja huanza na milki yenye majeshi makubwa, mwingine na kisiwa kimoja chenye deni. Tena hakuna mwisho rasmi wa ushindi. Mchezaji hujiwekea shabaha yake mwenyewe. Kwa hiyo kuchagua nchi ndiko kuchagua ugumu wa mchezo, hata kama hakuna kibonyezo kilichoandikwa "rahisi" au "ngumu" juu ya jina la nchi.

Wazee wa bao walilitatua jambo hili zamani. Mwanafunzi haketishwi moja kwa moja mbele ya bao la Kiswahili, ambapo kete 22 za kila upande hubaki mkononi na kuingizwa moja moja katika hatua ya kunamua. Huanzishwa kwa bao la kujifunza, ambapo kete zote zimekwisha pangwa ubaoni, mbili mbili kwa kila shimo, ili kwanza ajue kutembeza kete na kula. Nchi nzuri ya kuanzia ni bao la kujifunza la mchezo huu.

Nchi ya namna hiyo hutambulikanaje? Nguvu peke yake si kipimo. Kipimo ni muda ambao mchezaji anaweza kukosea bila kuangamia. Nchi yenye mpaka mmoja tu wa nchi kavu humpa muda huo, kwa sababu adui hawezi kutokea pande nne kwa wakati mmoja. Nchi yenye rafiki mkubwa humpa muda, kwa kuwa majirani huogopa kuishambulia. Nchi ambayo mapato yake ya mwezi yanazidi matumizi hata kabla ya mchezaji kugusa chochote humpa muda zaidi ya zote. Jambo hilo la mwisho huonekana kwenye ukurasa wa hazina kabla saa haijaanza kwenda, na inashangaza jinsi wachezaji wapya wachache wanavyoutazama.

Ureno, Castile na mitego mingine

Kwa vipimo hivyo, wachezaji wazoefu wa Europa Universalis IV wamekuwa wakiwaelekeza wageni Ureno kwa miaka mingi, na ushauri huo ni wa haki. Barani Ulaya, Ureno imepakana na nchi moja tu, Castile, ambayo kwa kawaida si adui yake. Huanza ikiwa na mapatano na Uingereza, kama ilivyokuwa katika historia tangu Mkataba wa Windsor wa mwaka 1386. Mbele yake kuna bahari. Mchezaji anaweza kukaa miaka 30 ya mchezo bila vita vikubwa, akituma wapelelezi wa bahari na walowezi, huku akijifunza maana ya zile alama tatu ambazo mtawala huzalisha kila mwezi: za utawala, za diplomasia na za kijeshi. Alama hizo ndizo sarafu halisi ya mchezo. Fedha inaweza kukopwa, alama haziwezi.

Kasoro ya Ureno ni kwamba mtu anaweza kufika mwaka 1550 akiwa tajiri na hajui vita vinapiganwaje.

Kasoro hiyo ndiyo inayowafanya wengine waipendelee Castile. Hapa mwalimu wa vita yuko mlangoni: Granada, nchi ndogo ya kusini ambayo katika historia ilianguka Januari 2, 1492. Mchezaji hujifunza kuzingira ngome, kutunza akiba ya askari na kufanya amani, dhidi ya adui ambaye si rahisi kumwangusha. Castile pia ina nafasi ya kuunganishwa na Aragon chini ya kiti kimoja cha enzi, tukio linalofuata ndoa ya Isabella na Ferdinand ya mwaka 1469, na hivyo kuwa Uhispania bila kumwaga damu. Ina taabu zake. Mrithi wa kiti mwanzoni mwa mchezo ni Enrique, ambaye mchezo umempa sifuri katika alama zote tatu, na hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ipo. Lakini ni nchi inayoweza kumvumilia mfalme mpumbavu na bado ikasimama.

Milki ya Uthmaniyya, iliyoiteka Constantinople Mei 29, 1453, hutajwa daima katika orodha za nchi rahisi. Ni rahisi kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Jeshi lake la mwanzo ni kubwa kiasi kwamba mchezaji hushinda vita ambavyo alipaswa kushindwa. Hajifunzi kwamba kila jimbo linalotekwa huongeza hofu na chuki miongoni mwa majirani, hadi siku ambapo nchi nane au kumi zinaungana dhidi yake kwa pamoja. Mchezaji aliyelelewa na Waturuki akihamia nchi ndogo huwa kama dereva aliyejifunzia trekta akipewa pikipiki.

Uingereza ni mtego, na ni mtego unaowanasa Wakenya wengi kwa sababu ndiyo nchi ya Ulaya wanayoifahamu zaidi. Kuzungukwa na bahari kunamfanya mgeni aamini kuwa yuko salama. Ukweli ni kwamba mwaka 1444 Uingereza bado ina ardhi ng'ambo, katika Ufaransa, na Vita vya Miaka Mia havijaisha. Mfaransa ataitaka ardhi yake mapema sana. Baadaye vinakuja vita vya ndani vya kugombea taji. Mwenye uzoefu anaweza kuyapita hayo yote. Mgeni humalizia miaka 20 ya kwanza akikopa.

Katika Crusader Kings III jibu ni fupi zaidi, maana waundaji wenyewe wamelitoa. Somo la mchezo humkalisha mchezaji katika kiti cha Murchad wa Munster, kusini mwa Ireland, mwaka 1066. Kisiwa kimegawanyika kati ya wafalme wadogo wadogo, hakuna jitu kati yao, na jirani mkubwa, Uingereza, mwaka huo ana watu watatu wanaogombana juu ya kiti kimoja. Hakuna sababu ya kutafuta kwingine.

Somo linaloanzia Uhabeshi

Hearts of Iron IV nao una somo la mwanzo, na mchezaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua kabla hajaketi. Humpa mchezaji Italia, mwezi Januari 1936, na vita vya kwanza anavyofundishwa kupigana ni vya kuiteka Ethiopia.

Kwa upande wa ufundi, uteuzi huo ni mzuri. Italia ina viwanda vya kutosha, jeshi la nchi kavu, la majini na la anga, na vita ambavyo tayari vinaendelea dhidi ya adui asiye na ndege wala vifaru vya kumtosha. Mchezaji hujifunza kuchora mstari wa mbele na kusukuma majeshi bila hofu ya kushindwa. Ni bao la kujifunza lenye kete zote ubaoni.

Lakini kete zenyewe zina historia. Majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka wa Ethiopia Oktoba 3, 1935, yakatumia gesi ya sumu dhidi ya askari na raia, na kuingia Addis Ababa Mei 5, 1936. Haile Selassie alikwisha ondoka nchini siku chache kabla, na Juni 30 alisimama mbele ya Shirika la Mataifa jijini Geneva kulieleza yaliyotendwa. Waliokuja kuwaondoa Waitalia walipitia Kenya. Mapema mwaka 1941, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Alan Cunningham yalivuka kutoka Kenya kuingia Somalia na Ethiopia, yakiwa na wanajeshi wa Afrika Kusini, wa Afrika Magharibi na wa King's African Rifles, na Addis Ababa ikatwaliwa Aprili 6. Katika KAR walikuwamo vijana wa jamii nyingi za Kenya, Wakipsigis wakiwa miongoni mwao. Katika ramani ya mchezo, hata hivyo, Kenya ni jimbo tu la Milki ya Uingereza na haichagui lolote.

Je, mchezaji wa huku aruke somo hilo? Hapana, kwa kuwa vibonyezo ni vile vile kwa nchi zote na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuvijua. Alimalize, kisha asiendelee na Italia zaidi ya hapo ikiwa moyo haumpi. Ila asihamie Ethiopia siku hiyo hiyo. Tangu nyongeza ya mwaka 2022 iitwayo By Blood Alone, Ethiopia imepewa njia zake yenyewe, ikiwemo serikali kuendelea kupigana ikiwa uhamishoni. Ni mojawapo ya nchi zenye simulizi tamu kuliko zote katika mchezo huo, na mojawapo ya zisizomsamehe mgeni kabisa.

Hali inafanana katika Victoria 3. Nchi zinazopendekezwa sana kwa mgeni ni Uswidi na Ubelgiji, na kwa sababu za msingi: ni ndogo, zina makaa au chuma, watu wao wanasoma kwa kiasi fulani, na hazimo katika ugomvi wa mataifa makubwa. Ubelgiji humfundisha mchezaji jinsi kiwanda kimoja kinavyolisha kingine. Mchezo haumlazimishi kufuata njia ya Leopold wa Pili, ambaye kati ya 1885 na 1908 aliishika Kongo kama mali yake binafsi, na si lazima mchezaji aifuate.

Kwa msomaji wa nchi ya chai kuna jambo la ziada. Chai ni mojawapo ya bidhaa za soko la Victoria 3. Bei yake hupanda na kushuka kwa kadiri mashamba yanavyoongezeka na watu wa mijini wanavyotaka kuinywa, na mkulima wa Boito anayesubiri bonasi ya mwaka hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Ila kwenye skrini shamba la chai hujengwa kwa kubonyeza mara moja. Miaka ya mchezo, 1836 hadi 1936, ndiyo miaka iliyobadilisha ardhi ya Kericho na Bomet: msafara wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya watu wa Sotik mwaka 1905, ardhi ya Wakipsigis kutwaliwa na kugawiwa walowezi, kampuni za Uingereza kuanzisha mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, na ukoo wa Talai kuhamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kuanzia mwaka 1934. Mwaka 2022 Wakipsigis na Talai waliwasilisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mchezaji anayeichagua Uingereza ya mwaka 1836, nchi yenye nguvu na yenye mambo mengi mno kwa mgeni, atapita juu ya hayo yote bila kuyaona, kwa kuwa yote yamo ndani ya nambari moja ya mapato.

Kilwa, kwa aliye tayari

Baada ya jioni kumi au kumi na tano na Ureno, au na Castile, mchezaji wa Europa Universalis IV huanza kuchoka kutawala nchi ambayo kila kitu kinaiendea vizuri. Hapo ndipo jina la Kilwa linapostahili kutajwa. Miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizomo, ndiyo inayomfaa zaidi mtu ambaye si mgeni tena lakini bado si bingwa.

Sababu ni zile zile zilizotajwa juu. Mwaka 1444 mchezo unaipa Kilwa sehemu ndefu ya pwani kuelekea Sofala. Majirani zake wa kaskazini, Mombasa, Malindi na Pate, ni miji midogo. Biashara ya eneo lote hukusanyika katika kitovu kinachoitwa Zanzibar, ambacho Kilwa inaweza kukitawala mapema kwa kuunda merikebu nyepesi na kuzituma kulinda biashara. Bara, kusini-magharibi, iko Mutapa na dhahabu yake. Tena adui mkubwa hajafika. Hakuna Ottoman mpakani wala Mfaransa ng'ambo ya mlango wa bahari.

Wanahistoria wangeipunguza nguvu kidogo. Enzi za fahari ya Kilwa zilikuwa karne ya 14, wakati wa Sultan al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331. Katika karne ya 15 jumba la kifalme liligubikwa na ugomvi kati ya masultani na maamiri, huku Mombasa na Malindi zikiinuka. Mchezo hauonyeshi udhaifu huo ipasavyo. Anayetaka Kilwa ya Ibn Battuta yenyewe ataikaribia zaidi katika Europa Universalis V, ambao huanza miaka sita tu baada ya ziara hiyo na kuhesabu watu halisi badala ya alama za mtawala. Ila mchezo huo unadai kompyuta mpya yenye nguvu, na mambo yake ni mengi zaidi kwa anayeanza.

Kinachoifanya Kilwa iwe somo zuri ni kwamba mchezaji anajua kinachokuja. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Mwaka 1502 alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora, akajenga ngome, kisha mwezi uliofuata akauchoma Mombasa. Ngome ya Kilwa iliachwa mwaka 1512, lakini mji haukurudia hali yake. Kwa hiyo mchezaji ana takriban miaka 50 ya kujiandaa. Ureno ya mchezo haifuati kalenda. Yaweza kuchelewa au kwenda kwingine. Hata hivyo, anayejiandaa kana kwamba inakuja mwaka 1498 hajapoteza kitu.

Ajiandae vipi? Kosa la kwanza la wachezaji wengi wa Kilwa ni kuimeza pwani yote katika miaka kumi. Chuki ya majirani hukusanyika, hasa miongoni mwa miji ya Kiislamu iliyobaki, na ushirika wa kijeshi huundwa kutoka Mogadishu kuja kusini. Afadhali kuteka jirani mmoja, kungoja chuki ipungue, na kumfanya mwingine rafiki. Historia inaunga mkono tahadhari hiyo kwa njia ya uchungu: da Gama alipofika, Mombasa ilimpokea kwa uadui na Malindi ikampokea kwa karamu, kwa sababu Malindi ilimwona mgeni kuwa silaha dhidi ya Mombasa. Wareno hawakuikuta pwani moja. Walikuta miji iliyokuwa tayari katika mashindano yake, nao wakajiingiza katikati. Mchezaji wa Kilwa anayefika mwaka 1500 akiwa na rafiki wawili wa kweli kaskazini yuko salama kuliko yule aliye na majimbo manne yanayoasi.

Kosa la pili ni dhahabu. Migodi ya bara ikishaingia mikononi, mapato hupanda ghafla na mchezaji hujiona tajiri. Mchezo huadhibu furaha hiyo kwa mfumko wa bei: kadiri sehemu ya dhahabu katika mapato inavyokuwa kubwa, ndivyo kila kitu, kuanzia askari hadi majengo, kinavyopanda gharama. Mfumko hupunguzwa kwa alama za utawala, zile zile zinazohitajika kwa mambo mengine yote. Dhahabu iende pamoja na biashara ya merikebu, isiwe badala yake.

Ugumu wa tatu si kosa la mchezaji. Mchezo umepanga kwamba mabadiliko makubwa ya fikra na uchumi huzaliwa mahali fulani kisha husambaa polepole. Mwamko wa sanaa na elimu, kwa mfano, huzukia Italia karibu na mwaka 1450. Nchi ambayo haijayapokea hulipa zaidi kwa kila hatua ya teknolojia. Kilwa iko mbali na huyachelewa. Dawa ni kuweka akiba ya alama na kuziwekeza kwa wingi katika jimbo moja hadi mabadiliko hayo yaanze kuota mizizi hapo. Ni gharama inayouma, nayo hulipa baada ya muda mrefu, jambo ambalo tena mkulima wa chai analielewa kuliko mtu wa mjini.

Nchi za Maziwa Makuu, zikiwemo Buganda na Rwanda, zimo pia katika ramani. Kwao umbali huo ni mkubwa zaidi, na bahari hawanayo. Ziachwe kwa wakati mwingine.

Kabla ya kubonyeza

Yako mambo madogo ambayo hufanya tofauti kuliko uteuzi wa nchi wenyewe. Michezo hii haina tafsiri ya Kiswahili, na maandishi ni mengi. Anayeanza asione aibu kusimamisha saa ya mchezo na kusoma. Saa ina kasi tano, na kasi mbili za mwanzo zinatosha kwa mwezi mzima wa kwanza wa kujifunza. Nyongeza za kununua ni nyingi mno, hasa za Europa Universalis IV, wala hakuna hata moja inayohitajika kwa Ureno au Castile ya kujifunzia.

Mchezo mmoja kutoka 1444 hadi 1821 huchukua makumi ya saa, na hakuna anayelazimika kuumaliza. Wanaojifunza haraka ni wale wanaocheza hadi mwaka 1500 au hapo karibu, kisha huanza upya na nchi ile ile mara mbili au tatu, wakisahihisha makosa waliyoyaona. Kuhama nchi kila baada ya kushindwa humrudisha mchezaji mwanzo kila siku.

Mwishowe kuna kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa kuanzia kilichoandikwa Ironman. Kikiwekwa alama, mchezo hujihifadhi wenyewe na haumruhusu mchezaji kurudi nyuma baada ya kosa. Baadhi ya tuzo hutolewa kwa wanaokiweka, na kwa hiyo huwavutia wageni. Kiachwe wazi. Mchezaji ahifadhi mchezo wake mwenyewe kila miaka kumi ya kalenda, katika faili tofauti, na pia kila mawingu yanapoanza kutanda upande wa Mau, maana umeme wa jioni hauna mapatano na mtu.